Mpira wa juu au mpira wa kasi: timu yako ishambulie kwa njia ipi?

Tarehe 12 Agosti 2012, katika ukumbi wa Earls Court jijini London, Brazili ilikuwa mbele kwa seti 2 bila dhidi ya Urusi kwenye fainali ya Olimpiki. Seti hizo ilizichukua kwa 25-19 na 25-20, ikicheza mpira wa wavu uleule uliowapa Wabrazili dhahabu ya Athens mwaka 2004: washambuliaji wanne wanakimbilia mpira kwa wakati mmoja, bloku ya mpinzani, yaani wanaoruka wavuni kuzuia mpira kwa mikono, haijui imfuate nani. Hapo kocha wa Urusi, Vladimir Alekno, akafanya badiliko moja. Dmitriy Muserskiy, mchezaji wa kati mwenye urefu wa mita 2.18, alipelekwa kulia awe mpigaji mkuu. Maxim Mikhaylov, mwenye nafasi hiyo, akahamishiwa kushoto. Kuanzia hapo Urusi haikuficha kitu. Sergey Grankin, seta wao, yaani anayewainulia wapigaji mpira, aliinua mipira ya juu kuelekea kwa Muserskiy, ukumbi mzima ukijua inakwenda wapi, na Muserskiy akaipiga kupitia juu ya mikono ya Wabrazili. 29-27, 25-22, 15-9. Pointi 31 za mtu mmoja, na dhahabu.

Miaka 12 baadaye, tarehe 10 Agosti 2024, mambo yakawa kinyume. Poland iliingia fainali ya Olimpiki ya Paris ikiwa na mabavu yote, Wilfredo León na Bartosz Kurek, kila mmoja amevuka mita 2. Ufaransa ikawafunga seti 3 bila: 25-19, 25-20, 25-23. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Earvin Ngapeth, mwenye mita 1.94, kimo ambacho kwa mchezo wa ngazi hiyo ni cha kawaida tu. Ilikuwa dhahabu ya pili mfululizo kwa Ufaransa, na tuzo ya pili mfululizo kwa Ngapeth.

Njia zote mbili, mpira wa juu na mpira wa kasi, zimetwaa dhahabu, kwa hiyo anayekuambia moja imepitwa na wakati anakupotosha. Lakini haziifai kila timu. Makocha wengi wa shule, vyuo na klabu huchagua kwa macho: wanaiga kilichowapendeza kwenye televisheni. Ushauri wangu ni uchague kwa kuipima pasi yako ya kwanza, ile inayotoka mikononi mwa anayepokea servisi. Hiyo ndiyo inayoamua unaweza kushambulia vipi, kabla hata seta hajagusa mpira.

Sekunde moja na nusu, au chini ya moja

Wavu wa wanaume una kimo cha mita 2.43 na uwanja una upana wa mita 9. Mpira wa juu ni ule ambao seta anaupeleka pembeni karibu na antena, ile fimbo iliyosimama ukingoni mwa wavu, ukipanda kama mita 3 juu ya mikono yake kabla ya kushuka. Kwa hesabu ya mvutano wa dunia, mpira wa namna hiyo unakaa hewani takriban sekunde moja na nusu. Mpira wa kasi hupanda kama mita moja tu na kumfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.8, wakati mwingine chini ya hapo.

Mzuiaji wa kati wa upande wa pili anasimama katikati ya wavu. Ili aungane na mwenzake wa pembeni, inambidi atembee karibu mita 3 kwa ubavu, afunge breki, kisha aruke wima. Ukimpa sekunde moja na nusu atafika akiwa ametulia, mikono imenyooka, na huenda hata mzuiaji wa tatu akaja kusaidia. Ukimpa sekunde 0.8 atafika amechelewa, anaruka huku bado anaelea kuelekea pembeni, na kati ya mikono yake na ya mwenzake pana mwanya. Faida yote ya mpira wa kasi iko kwenye mwanya huo.

Gharama yake, ambayo watu huisahau, inamwangukia mpigaji wako mwenyewe. Kwenye mpira wa juu anaanza kukimbia baada ya mpira kuondoka kwa seta. Ana muda wa kuona umetua wapi, bloku imesimama vipi, nani yuko nyuma. Kwenye mpira wa kasi wa pembeni anakuwa tayari kwenye hatua ya mwisho au ya pili kutoka mwisho wakati seta anagusa mpira. Mchezaji wa kati anayepiga mpira mfupi, ule unaoinuliwa kidogo tu karibu na seta, anakuwa ameshaanza kupaa. Hao wote wameruka kwa imani. Seta akikosea nusu mita, hakuna wa kurekebisha, na tangu mfumo wa kuhesabu pointi kwa kila mpira ulipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kosa la namna hiyo ni pointi ya mpinzani moja kwa moja.

Pasi yako ya kwanza inatua wapi?

Ili mpira wa kasi ufanye kazi, pasi ya kwanza inapaswa kumfikia seta akiwa hatua moja au mbili kutoka wavuni, kulia kidogo ya katikati, na iwe na kimo cha kumruhusu aruke na kuinua akiwa hewani. Pasi ikiwa hapo, mzuiaji wa kati wa mpinzani analazimika kumheshimu mchezaji wako wa kati. Pasi ikimvuta seta hadi kwenye mstari wa mita 3, ule uliochorwa mita 3 kutoka wavuni, mpira mfupi wa kati unakuwa hatari. Mzuiaji anajua hautakuja, anaanza safari ya pembeni mapema, na ule mwanya unafungwa.

Fanya jambo hili kabla hujachagua chochote. Chukua daftari, hesabu kwenye mechi nne au tano ni pasi ngapi zinafika mahali pale pazuri. Zikiwa chini ya nusu, mfumo wa kasi utakuwa pambo la mazoezini. Utauona dakika ya kupasha mwili, kisha servisi ngumu zikianza kuja, timu inarudi kwenye mpira wa juu ambao haikuwahi kuufanyia mazoezi. Nimeona timu nyingi zikifungwa hivyo, na inauma kwa sababu wachezaji wenyewe walikuwa na uwezo.

Hata kwenye ngazi ya dunia, servisi za kuruka zinapita kilomita 120 kwa saa, na hakuna timu inayopokea vizuri mechi nzima. Mipira inayookolewa chini baada ya smashi ya mpinzani huwa mibaya zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashambulizi, upende usipende, itatokana na pasi mbovu.

Walioichagua kasi na sababu zao

Wajapani ndio walioipa kasi hadhi yake. Chini ya kocha Yasutaka Matsudaira, Japani iliunda miseto ya mipira mifupi, ya kuchelewesha na ya kudanganya, ikiongozwa na seta Katsutoshi Nekoda. Jungo Morita akabuni hila ya mtu mmoja: anajifanya anaruka kwa mpira mfupi, mzuiaji anaruka naye, kisha Morita anaruka kweli wakati mzuiaji anashuka. Walifanya hivyo kwa sababu hawakuweza kushindana kwa kimo na timu za Ulaya Mashariki. Mwaka 1972 mjini Munich walishinda dhahabu kwa kuifunga Ujerumani Mashariki 3-1.

Brazili ya kocha Bernardo Rezende ilichukua wazo hilo na kuliongezea kitu kikubwa: mashambulizi ya nyuma kupitia katikati, ambayo wachezaji huyaita paipu. Seta Ricardo Garcia alikuwa na mikono ya kupeleka mpira popote bila kuonyesha dalili, na Giba, aliyeibuka mchezaji bora wa Athens 2004, alipiga kushoto na nyuma kwa ubora uleule. Walitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo: 2002, 2006 na 2010.

Japani iliyocheza Paris 2024 ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, na ndiyo inayonipa tahadhari. Seta Masahiro Sekita ana mita 1.75. Yuji Nishida, mpigaji wao wa kulia, hafiki mita 1.90. Wakiwa na kocha Mfaransa Philippe Blain walishika nafasi ya tatu kwenye Ligi ya Mataifa ya 2023 na ya pili mwaka 2024. Kwenye robo fainali ya Paris waliichapa Italia seti mbili za kwanza, na katika ya tatu wakafika 24-21. Pointi moja tu ilikuwa imebaki. Italia ikasawazisha, ikachukua seti hiyo 27-25, ya nne 26-24, na ya tano 17-15.

Jambo moja linaonekana katika seti za namna hiyo duniani kote: pointi za mwisho zinapofika, servisi zinakuwa kali, pasi zinasogea mbali na wavu, na mpira unaishia kwa mtu mmoja pembeni mbele ya mikono minne au sita. Urusi ya 2012 ilikuwa na jibu la wakati huo, lenye mita 2.18. Timu ya kasi inahitaji jibu lake pia. Jibu hilo haliwezi kuwa kimo, kwa hiyo lazima liwe ufundi wa kupiga.

Nguvu au mikono ya mpinzani

Hapa kuna ulinganisho wa pili, na kwangu ni muhimu kuliko wa kwanza. Mpigaji anayekutana na bloku iliyokamilika ana njia mbili kuu. Apige kwa nguvu juu ya bloku au kwenye mwanya, kama afanyavyo León. Au aitumie bloku yenyewe, kama afanyavyo Ngapeth.

Msingi wa mwili ni mmoja kwa wote. Kwa anayetumia mkono wa kulia, hatua tatu za mwisho ni kushoto, kulia, kushoto. Ya kwanza ni ya polepole, mbili za mwisho ni za haraka sana: mguu wa kulia unatua kwa kisigino mbele ili kugeuza mwendo kuwa kimo, wa kushoto unafunga mbele yake kidogo. Mikono yote miwili inarudi nyuma hadi usawa wa mabega kisha inapanda pamoja. Hewani, mkono wa kushoto unaelekea mpira, kiwiko cha kulia kinavutwa nyuma na juu, kiuno na bega vinazunguka kabla ya mkono. Mpira unagongwa mbele ya bega, mkono umenyooka, kiganja kinaufunika ili uzunguke na kushuka haraka. Kosa ninaloliona sana ni mpigaji kuingia chini ya mpira: ameanza mapema, mpira uko juu ya kichwa chake au nyuma, na hapo nguvu zote zinapotea hata awe na misuli ya namna gani.

Baada ya msingi huo, njia zinaachana. Mpigaji wa nguvu anahitaji kufika juu kuliko mikono ya bloku, au awe na mkono wa kasi kiasi kwamba anayezuia hawezi kuidhibiti kani ya mpira. Ni silaha inayotisha, lakini ina masharti mawili: kimo cha kuzaliwa na bega lenye afya. Mtu mmoja anayepiga mipira 40 kwa mechi, wiki baada ya wiki, atalipa kwa bega. Timu iliyojengwa juu yake yeye peke yake italipa pamoja naye.

Anayetumia bloku halengi sakafu. Analenga mkono wa nje wa mzuiaji wa pembeni, ule ulio karibu na antena, ili mpira uguse na kutoka nje. Au anapiga juu, kwenye ncha za vidole, mpira uruke nyuma kabisa ya uwanja. Mzuiaji akiwa amefika vizuri mno na mpira uko karibu mno na wavu, mpigaji anausukuma kwenye viganja vya mzuiaji kwa makusudi, polepole, urudi upande wa mpigaji ambako wenzake wamejipanga kukinga, kisha timu inaanza upya ikiwa na pasi nzuri zaidi. Ngapeth anafanya haya yote, na anaongeza mipira laini inayodondoka nyuma tu ya bloku wakati walinzi wamerudi nyuma kuisubiri smashi. Wakati mwingine mwili wake unaelekea upande mmoja na mkono unapeleka mpira kwingine. Wapo wanaoona ni madoido. Mimi naona ni mtu anayetazama mikono ya mpinzani hadi sekunde ya mwisho, na jicho hilo linafundishika.

Hesabu nayo inasaidia. Ufanisi wa mpigaji ni pointi alizofunga, ukiondoa makosa yake na mipira aliyozuiwa, kisha ugawe kwa idadi ya mipira aliyopewa. Chukua mpigaji wa nguvu aliyepewa mipira 20, akafunga 10, akapoteza 5: ufanisi ni asilimia 25. Mwenzake kapewa 20, kafunga 8 tu, kapoteza 1: asilimia 35. Mashabiki watamshangilia wa kwanza. Mechi atakushindia wa pili.

Ningechagua nini? Kwa mpigaji ambaye hawezi kufikisha kiganja kizima juu ya bloku anazokutana nazo, nachagua mikono ya mpinzani bila kusita, na ningeanza kumfundisha akiwa na miaka 15 au 16, kabla hajazoea kupiga mshazari mmoja tu kwa nguvu zake zote. Kwa yule mmoja mrefu aliye na mkono mzito, mwache apige, lakini naye afundishwe kusukuma mpira kwenye bloku urudi. Siku mpira utakapoletwa karibu mno na wavu atauhitaji ujuzi huo.

Kwa timu ipi, njia ipi

Timu ya shule au chuo yenye mpigaji mmoja mrefu na wapokeaji wa wastani: mpira wa juu uwe msingi, na usione haya. Ufanye kuwa bora. Seta ajifunze kuupeleka hadi antena kutoka popote uwanjani, umbali wa nusu mita hadi mita moja kutoka wavuni, na libero, yule mchezaji maalumu wa ulinzi, ajifunze kuuinua pia kwa siku ambazo seta ndiye aliyeokoa mpira wa kwanza. Wengine watatu wajipange karibu na mpigaji kukinga mpira unaorudi. Viwanja vyetu vingi viko nje, na upepo wa alasiri unaweza kuusogeza mpira wa juu mita nzima. Hapo punguza kimo uwe wa mita moja na nusu au mbili, bado mpigaji atauona na kuurekebisha.

Timu yenye wapokeaji wawili au watatu wa kuaminika lakini wafupi: nenda na kasi, ila kwa mpangilio. Anza na mchezaji wa kati. Bila mpira mfupi unaofunga pointi, mipira ya kasi ya pembeni haina maana, kwa sababu hakuna anayemshikilia mzuiaji wa kati mahali pake. Mchezaji huyo aruke kila mara pasi inapokuwa nzuri, hata akijua hapewi. Kuruka bure ni kazi ngumu kuliko zote uwanjani, na kocha anayeisifu mbele ya wenzake atapata mchezaji wa kati anayeifanya kwa moyo.

Timu yenye seta mchanga: mpira wa juu kwanza, hata kama wapokeaji ni wazuri. Seta anayelazimishwa kasi kabla mikono haijatulia huanza kuonyesha mwelekeo kwa mgongo na viwiko, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Paipu au mpira wa nyuma kulia

Limebaki swali la safu ya nyuma, ambalo timu nyingi hulipuuza. Tomasz Wójtowicz wa Poland, bingwa wa Olimpiki ya Montreal 1976, anatajwa kuwa wa kwanza kuyafanya mashambulizi ya nyuma kuwa silaha ya kudumu. Sheria inaruhusu aliye nyuma kupiga mpira ulio juu ya wavu ikiwa ameruka akiwa nyuma ya mstari wa mita 3. Akitua mbele yake hakuna kosa. Mruko mzuri wa kusonga mbele unamfikisha karibu sana na wavu.

Wachezaji huzunguka nafasi sita uwanjani, na suala hili linakuwa zito katika mizunguko mitatu ambayo seta yuko mbele. Hapo una washambuliaji wawili tu wa mbele, na mpigaji wako mkuu wa kulia yuko nyuma. Timu zenye jitu la kulia humpelekea mpira wa nyuma kulia, wa juu kiasi. Ni rahisi kwa seta na unawezekana hata kwa pasi mbovu, lakini bloku ya watu wawili itakuwa inamsubiri. Paipu inapita katikati, nyuma tu ya mchezaji wa kati anayejifanya anapiga mpira mfupi. Mzuiaji akiruka na wa kati, paipu inakutana na wavu mtupu. Akisubiri paipu, wa kati anafunga. Inahitaji pasi nzuri, na inahitaji wawili hao wafanye mazoezi pamoja hadi nafasi kati ya kuruka kwao iwe ileile kila mara.

Kwa timu isiyo na jitu, nachagua paipu, na ningeipa muda mwingi wa mazoezi kuliko mseto mwingine wowote. Mweke mpokeaji wako bora nyuma katikati, apokee servisi, apige hatua tatu, aruke kabla ya mstari. Mwanzoni atakanyaga mstari mara nyingi. Weka utepe sentimita 30 nyuma ya mstari halisi na umtake arukie hapo, na usiuondoe hadi miguu izoee.